Kifaranga amelala ubavu na mguu umekwenda kando: nianze wapi?

*Swali: Daktari, shikamoo. Nina vifaranga kumi na wanne wa siku sita, nawalea kwenye boksi lenye balbu. Asubuhi hii nimemkuta mmoja amelala ubavu pembeni, macho kafumba, chakula hataki. Mguu wa kushoto umekwenda kando, nyuma pameganda kinyesi, na wenzake wamemdonoa juu ya mkia mpaka damu inatoka. Nimemwingiza ndani. Jirani ananishauri nisage kidonge cha antibiotiki, nikoroge na maji, nimnyweshe kwa bomba la sindano. Nifanye hivyo? Na kuna matumaini kweli?*

Marahaba, ndugu yangu. Matumaini yapo, kwa sababu umemwona mapema na umeshamtoa kwa wenzake. Kidonge kiweke kando.

Kifaranga huyu ana shida nne au tano kwa mkupuo, na kila moja inaonekana kudai itibiwe sasa hivi. Ninachokuomba ushike ni mpangilio: kwanza joto, kisha maji, kisha kidonda na njia ya haja, kisha chakula, ndipo mguu. Dawa ije mwisho, tena ikiwa imeshajulikana inatibu nini. Vifaranga wengi wanaofia mikononi mwa watu wenye huruma hawaondoki kwa ugonjwa waliokuja nao. Wanaondoka kwa sababu walinyweshwa wakiwa bado baridi, au maji yaliingia penye pumzi, au walishikwashikwa siku nzima mpaka nguvu ikawaishia. Isipokuwa jambo moja: damu ikiwa bado inatoka unaposoma hapa, ibane kwanza, nitaeleza chini jinsi ya kubana, kisha urudi kwenye joto.

Kabla hujamgusa tena, jua namna ya kumshika. Ndege hana kiwambo cha misuli kinachotenga kifua na tumbo kama sisi. Anapumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kifua, hewa ikaingia na kutoka kwenye vifuko vyake vya hewa. Ukimbana kifua kwa ngumi, hata kwa upole, unamzuia kupumua, na kifaranga dhaifu anaweza kufa hivyohivyo mkononi huku unadhani ametulia. Mlaze kwenye kiganja, vidole vimzunguke bila kumkaza, mgongo uwe juu. Usimgeuze chali kwa muda mrefu.

Sasa joto. Kuku mkubwa ana joto la mwili la nyuzi 41 hadi 42. Kifaranga huanguliwa akiwa chini ya hapo, na inamchukua zaidi ya wiki moja kuanza kulilinda joto lake mwenyewe vizuri. Wa siku sita bado amevaa malaika tu, yaani vile vinyoya laini vya mwanzo, manyoya ya mwili hayajaja, na akilala pembeni mbali na balbu anapoa haraka mno. Akipoa, tumbo nalo linasimama. Chakula utakachomlazimisha kitakaa kwenye gole, kile kifuko kilicho chini ya shingo, na kuchacha humo. Ndiyo maana sitaki umpe kitu chochote mdomoni mpaka awe na joto.

Chukua boksi dogo. Tandika kitambaa kikavu chenye mkwaruzo, kisicho na nyuzi ndefu za kumnasa vidole. Gazeti linateleza, na kwa mguu wa huyu utelezi wa namna hiyo ni adui. Weka chanzo cha joto upande mmoja tu, ili upande wa pili ubaki na baridi kidogo. Pale alipolala, kipimajoto kilichowekwa usawa wa mgongo wake kisome kama nyuzi 35. Vifaranga wazima wa wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Mgonjwa mweke kwenye kiwango cha juu. Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa kinene inatosha, mradi uibadilishe kabla haijapoa, kwa maana chupa iliyopoa humnyang'anya joto badala ya kumpa.

Kuna tahadhari moja hapa ambayo wengi hawaifikirii. Kifaranga mzima akisikia moto anahama. Huyu wako hawezi kuhama. Kwa hiyo mtazame kila baada ya dakika kumi mpaka uhakikishe amekaa sawa. Akihema mdomo wazi na mabawa yakiwa yameachana na mwili, amezidiwa na joto, sogeza balbu mbali. Akilia kwa sauti kali bila kukoma, amepatwa na baridi. Akilala kimya, kichwa chini, pumzi taratibu, na miguu yake ina uvuguvugu ukiigusa kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako, umefika. Balbu ifunge kwa waya au mnyororo imara, isining'inizwe kwa kamba yake ya umeme peke yake. Maranda makavu na balbu iliyodondoka huunguza nyumba.

Mara nyingi ndani ya saa moja utaona badiliko. Atafumbua macho, atainua kichwa. Hapo ndipo maji.

Angalia ngozi ya miguu yake: ikiwa imesinyaa na kukunjamana, na macho yameingia ndani, ana kiu ya muda mrefu. Chukua maji ya uvuguvugu, kikombe cha mililita 250, koroga kijiko kimoja kidogo cha sukari. Usiongeze chumvi ya jikoni. Watu huiga mchanganyiko wa kuwanywesha watoto wanaoharisha, lakini vifaranga hudhuriwa na chumvi kwa urahisi sana, na kipimo cha kukadiria kwa macho si cha kuaminiwa. Ukiwa na vitamini na elektroliti zilizotengenezwa kwa ajili ya kuku, zifuate kama pakiti inavyoelekeza. Maziwa usimpe; ndege hawana uwezo wa kuimeng'enya vizuri sukari iliyomo, na yatamharisha.

Namna ya kumpa ndiyo muhimu kuliko kilichomo kikombeni. Chovya ncha ya kidole au kijiti cha pamba, acha tone moja likae pembeni mwa mdomo wake, pale midomo miwili inapokutana. Atalivuta mwenyewe na kumeza. Subiri ameze, ndipo lingine. Matone machache, pumzisha dakika kumi na tano au ishirini, kisha rudia. Ndege ana mlango wa pumzi nyuma kidogo tu ya ulimi, uko wazi mbele yako ukimfungua mdomo, na hapana kinga kubwa ya kuuziba. Ukisukuma maji kwa bomba la sindano katikati ya mdomo wa kifaranga anayelala ubavu, sehemu yake itashuka mapafuni. Hii peke yake ingetosha kunifanya nikatae ushauri wa jirani yako, hata kama dawa ingekuwa sahihi.

Sukari ni ya siku ya kwanza tu, ya kumpa nguvu ya kusimama. Kesho aendelee na maji safi au yenye vitamini. Bakuli la maji usilimwekee akiwa hawezi kushika kichwa, atatumbukiza uso na kushindwa kuutoa. Akianza kusimama, mpe kifuniko kifupi kilichojazwa kokoto safi, maji yawe kati ya kokoto.

Baada ya hapo tazama nyuma. Kwanza hakikisha kilichoganda kiko kwenye njia ya haja, chini ya mkia kabisa, na si kwenye kitovu, ambacho kiko chini zaidi kuelekea tumboni. Nasisitiza kwa sababu nimeona watu wakivuta kigaga cha kitovu wakidhani ni uchafu, na kwa kifaranga wa siku za mwanzo hilo hufungua njia ya tumboni moja kwa moja. Kama ni njia ya haja, lowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu, iweke juu ya lile donge lililoganda kwa dakika kadhaa mpaka lilainike, kisha futa kidogokidogo. Usivute kikavu, utang'oa ngozi. Likigoma, lowesha tena. Ukimaliza, mkaushe kabisa karibu na joto, pakaza jeli ya petroli kidogo sana kuzunguka njia ili kinyesi kinachofuata kisishike, na umrudishe kwenye boksi. Angalia kila asubuhi na jioni kwa siku chache, maana huwa kinarudi. Kinyesi kilichoziba njia kabisa kinaua, hivyo hili si suala la usafi tu.

Kuganda huku mara nyingi husababishwa na joto lisilo sawa, baridi au moto kupita kiasi, pamoja na kukosa maji ya kutosha. Wageuze na wale wengine kumi na watatu mmojammoja jioni. Ukikuta watatu au wanne nao wameanza, shida iko kwenye boksi lenu: pima joto usawa wa migongo yao, siyo juu karibu na balbu, na uone kama wote wanafikia maji.

Ukikuta tumbo limevimba na kulegea, kitovu kina unyevu au wekundu au harufu mbaya, hayo ni maambukizi ya kitovu na ya kile kifuko cha kiini alichobaki nacho tumboni tangu yaini. Bakteria huingia wakati wa kuanguliwa au mara baada yake, na vifo vyake huja zaidi katika wiki ya kwanza. Sitakuficha: wengi wa hawa hawaponi hata kwa dawa, na ukimpata daktari wa mifugo mapema ndiyo nafasi pekee ya maana.

Kidonda cha juu ya mkia kinahitaji akili tulivu. Damu yote ya kifaranga ni kama asilimia 7 au 8 ya uzito wake. Mwenye gramu 40 ana mililita tatu hivi, kiasi kisichojaza hata kijiko kidogo. Kwa hiyo matone ambayo kwako ni machache, kwake ni mengi. Kama bado inatoka, bana kwa kitambaa safi kwa dakika mbili tatu bila kufunuafunua kuchungulia. Ikishakata, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa kikombe cha mililita 250. Hii chumvi ni ya kuoshea nje, si ya kunywa. Kisha tia iodini iliyozimuliwa mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Inatosha. Spiriti inachoma nyama changa na kuchelewesha kupona. Marhamu za watu zilizotiwa dawa ya ganzi, zile ambazo jina la kiambato huishia na "kaini", usizipake kabisa; mwili mdogo kiasi hiki huzidiwa na kipimo kwa urahisi. Mafuta mengi nayo hulowesha malaika na kumpoza.

Kama jeraha limetokana na meno ya paka au mbwa, habari ni nyingine. Tundu linaweza kuwa dogo la kutoonekana, lakini bakteria wa mdomoni mwa paka huua ndege ndani ya siku moja au mbili. Huyo anahitaji daktari siku hiyohiyo, na hapo antibiotiki ina kazi yake halali. Ukiona pia ngozi imefura puto la hewa linalotoa mchakacho ukiligusa, maana yake kifuko cha hewa kimetobolewa. Puto dogo hujinywea lenyewe. Likikua mpaka kumbana shingo au bawa, apelekwe kwa daktari, usilitoboe kwa sindano ya kushonea.

Damu na nyama nyekundu huwavutia wenzake kudonoa zaidi, na wakishaonja hawaachi. Asirudi mpaka pamekauka na kufunika. Nzi nao wazuie kwa wavu, kwa sababu funza hutotolewa kwenye kidonda haraka kuliko unavyotegemea. Na ujiulize kwa nini wameanza kudonoana: mara nyingi ni msongamano, joto kali, mwanga mkali usiku kucha, au chakula kisichowatosha.

Chakula sasa. Akishakunywa vizuri na ikiwezekana amekunya mara moja, mpe chakula chake cha kawaida cha vifaranga kilicholoweshwa kwa maji ya uvuguvugu kiwe kama uji mzito. Punje ndogo ya kiini cha yai lililochemshwa juu yake huwaamsha wengi hamu. Vifaranga hujifunza kula kwa kumtazama anayedonoa, hivyo gonga chakula kwa ncha ya kidole mbele ya macho yake, taratibu, mara kwa mara. Wengi huitikia hapohapo. Uji uliobaki utupe baada ya saa mbili tatu, kwa joto la boksi unachacha upesi.

Utajuaje kama kweli anakula? Gusa gole. Usiku kabla ya kulala liwe limejaa kiasi na laini. Asubuhi liwe limesinyaa. Likibaki limejaa asubuhi, chakula hakishuki, punguza na urudi kwenye joto na maji. Na kama unayo mizani ya gramu ya jikoni, mpime kila asubuhi muda uleule uandike. Usimlinganishe na kifaranga wa mtu mwingine, uzito unategemea aina. Mlinganishe na yeye wa jana. Siku ya kwanza ya ugonjwa kupungua kidogo si ajabu, lakini akiendelea kupungua siku ya pili na ya tatu, hali yake ni mbaya hata kama anaonekana kuchangamka. Ndege huficha udhaifu mpaka anaposhindwa, na mizani haidanganywi.

Mguu nimeuweka mwisho kwa makusudi. Kifaranga aliyepoa na kukauka maji hana nguvu ya kukusanya miguu chini ya mwili, na mingi ya "miguu mibovu" ninayoletewa huwa mizima baada ya joto, maji na mlo mmoja. Mwangalie jioni ya leo. Kama bado umekwenda kando, mshike kwenye kiganja, weka miguu yote miwili sambamba, na uilinganishe kipande kwa kipande kuanzia pajani hadi vidoleni. Mguu mzima ndio kipimo chako cha mguu mgonjwa.

Kama mifupa yote imenyooka, hakuna uvimbe, mguu unakunjika na kunyooka bila yeye kulia, ila akiwekwa chini unateleza kwenda nje, huo ni mguu uliotanuka. Chanzo chake kikubwa ni sakafu ya utelezi siku za mwanzo, wakati viungo bado laini. Tiba yake ni kuifunga miguu pamoja kwa nafasi yake ya kawaida mpaka misuli izoee. Kata ukanda wa bandeji laini inayojishika yenyewe, au plasta ya kitabibu, upana wa sentimita moja. Zungusha kwenye mguu mmoja chini ya kiungo cha kati, kile kinachopindia nyuma, na juu ya vidole, vuka kwenda mguu wa pili ufanye vilevile, na kipande cha katikati kikunje kishikane chenyewe kisimnate kwenye malaika. Kati ya miguu iache nafasi ya sentimita mbili na nusu hadi tatu, yaani miguu iwe wima chini ya mwili wake. Ukifunga karibu mno hatasimama, na ukifunga mbali mno hujatibu kitu.

Mwanzoni ataanguka kifudifudi na kulalamika. Msaidie asimame kwa dakika chache mara kadhaa kwa siku, juu ya kile kitambaa chenye mkwaruzo, ukimtegemeza kifua kwa vidole viwili. Tazama vidole vya miguu yake asubuhi na jioni: vikivimba, vikiwa baridi au kubadilika rangi, umekaza, fungua mara moja. Fungua pia kila siku mbili hata kama panaonekana pazuri, kwa sababu anakua haraka na kifungo cha juzi leo kinambana. Kwa umri wa siku sita wengi hunyooka ndani ya siku tatu hadi tano. Akifika wiki mbili au tatu bila kufungwa, nafasi inapungua sana, kwa hiyo hili usiliahirishe zaidi ya kesho.

Sasa pitisha kidole nyuma ya kile kiungo cha kati kinachopindia nyuma. Kwenye mguu mzima utasikia kano kama uzi mgumu umepita katikati, kwenye mfereji wake. Kama upande wa kushoto kiungo kimevimba na kuwa bapa, na ule uzi umeangukia pembeni, kano imeteguka. Kufunga miguu pamoja hakutasaidia hapo. Aliyezoea anaweza kuirudisha kwa kunyoosha mguu na kuisukuma kwa kidole gumba, ikiwa ni ndani ya siku moja au mbili, lakini mara nyingi huteleza tena. Upungufu wa madini ya manganizi na kirutubisho cha kolini kwenye chakula huchangia, ndiyo maana vifaranga wanaolishwa nafaka tupu hupata hili kuliko wanaolishwa chakula kilichokamilika.

Mfupa uliovunjika hujionyesha: uvimbe, mguu kujipinda mahali pasipo na kiungo, kilio ukigusa. Ukivunjika chini ya kiungo cha kati na ngozi haijapasuka, unaweza kuuwekea banzi jepesi la karatasi ngumu au nusu ya mrija wa kunywea, ukitanguliza pamba, likishika kiungo cha juu na cha chini ya pale palipovunjika. Mifupa ya ndege mchanga huunga haraka, kama wiki mbili hadi tatu, ila ulibadilishe banzi kila siku mbili tatu kwa sababu ya ukuaji. Paja halifungiki nyumbani. Na usishtuke siku ya pili ukiona ngozi imegeuka kijani: jeraha la ndani la ndege huwa kijani linapopona. Cha kutisha ni weusi, ubaridi na ukavu kuanzia vidoleni kupanda juu, hapo nyama inakufa.

Vidole vikijikunja vya mguu mmoja, kiatu cha kadi na plasta kwa siku mbili kinatosha. Vikijikunja vya miguu yote miwili naye anatembelea viungo vya nyuma, huo ni upungufu wa vitamini B2, na vitamini B kwenye maji humsaidia ikiwahi, kabla mishipa ya fahamu haijaharibika kabisa.

Umeuliza kuhusu kidonge. Mguu uliotanuka hauna bakteria, wala kiu haina, wala kinyesi kilichoganda kwa baridi hakina. Kidonge cha mtu kimepimwa kwa kilo hamsini au sabini. Hakuna namna ya kukigawa jikoni kikawa sahihi kwa mwili usiofika gramu mia, na dawa hiyo itaua bakteria wazuri wa tumboni kabla hajapata nafasi ya kula. Kuna ugonjwa mmoja ambao kweli unataka dawa ya haraka, koksidiosisi, unaoletwa na mdudu mdogo sana wa utumbo: kifaranga anajikunyata, malaika na manyoya yamesimama, kinyesi kina damu. Lakini huja zaidi kati ya wiki ya tatu na ya sita, na dawa yake ya kawaida, amproliamu, siyo antibiotiki. Ukiitumia siku moja huko mbele, usimchanganyie na vitamini B1, kwani dawa hiyo hufanya kazi kwa kumnyima yule mdudu vitamini hiyohiyo. Kinga yake kubwa ni maranda makavu, sababu mayai ya wadudu wake yanahitaji unyevu ili yakomae, na dawa nyingi za kuulia vijidudu haziyadhuru mayai hayo.

Mpigie daktari wa mifugo bila kungoja kama unaona zaidi ya mmoja wanaumwa kwa pamoja, wanahema kwa kukoroma, shingo inajipinda, kichwa kinatetemeka, au kinyesi ni cha kijani na vifo vinafuatana. Shingo iliyopinda ya kifaranga mmoja inaweza kuwa upungufu wa vitamini, lakini ikija na mafua na vifo ni dalili za kideri (ugonjwa wa Newcastle), nacho hakina tiba, na jirani zako wote wenye kuku wanahitaji kujua. Ukipiga, uwe na haya mkononi: umri, chanjo walizopata, chakula wanachokula, uzito wa siku hizi, na picha ya kinyesi.

Na kama kufikia kesho kutwa hajainua kichwa, hanywi hata tone, pumzi ni ya kuvuta kwa shida, au mfupa umetoka nje ya ngozi, muulize daktari kuhusu kumpumzisha bila maumivu. Kumwacha afe polepole kwa siku tatu kwenye boksi la joto si huruma zaidi ya hiyo. Lifanywe na anayejua.

Wahudumie wazima kwanza, mgonjwa mwisho, na unawe mikono kwa sabuni kila unapomaliza. Vifaranga wanaoonekana wazima kabisa wanaweza kubeba salmonela, bakteria wanaougua nao watu tumbo, kwa hiyo watoto wasimbusu wala kumweka usoni, na vyombo vyake visioshwe pamoja na vya chakula chenu.

Upweke unamdhoofisha. Akishaanza kula, weka boksi lake mahali anaposikia wenzake, au umpe mwenzake mmoja mpole, utazame. Kabla ya kumrudisha kabisa, mweke ndani ya boksi kubwa nyuma ya wavu kwa siku moja au mbili waonane bila kufikiana. Mrudishe akiwa anasimama, anakula mwenyewe, kidonda kimekauka, na kifungo cha mguu kimetoka walau siku moja. Fanya asubuhi, siyo jioni, ili uwe na mchana mzima wa kuangalia, na ukae nao nusu saa ya kwanza. Wakimdonoa palepale juu ya mkia, mtoe umrudishe nyuma ya wavu kwa siku mbili nyingine.